Acheni Kutuambia Tuzime V-Sync

Kuna ushauri mmoja unaotembea kati ya wachezaji wa kompyuta hapa kwetu mpaka umekuwa kama amri ya kumi na moja: zima V-Sync. Umeweka gemu mpya? Zima V-Sync. Umenunua mashine? Zima V-Sync. Ukiuliza kwa nini, unapewa neno moja tu, "inachelewesha," halafu mtu anaendelea na maisha yake. Hakuna anayekuuliza una monita gani, kadi gani, unacheza nini, wala kama mkononi una mausi au padi.

Mimi naona huo ushauri umetoka kwa mtu mwenye mashine tofauti na yako, anayecheza gemu tofauti na zako, na ukiubeba mzima mzima unajiumiza. Wengine unawaumiza mfukoni kabisa, nitafika hapo. Na sisemi kila mtu awashe kila mahali. Kuna gemu ambazo nikiikuta imewashwa naizima kabla sijakaa vizuri kwa kiti. Shida yangu ni hiyo "zima" isiyokuwa na swali hata moja mbele yake.

Tuanze na hiki kitu chenyewe, kwa sababu nimeshangaa ni wangapi wanakizima bila kujua wanazima nini.

Kama nyanya yako alikuwa na ile TV ya mgongo, Great Wall ya inchi 14, basi unaijua tayari. Unakumbuka picha ikianza kupanda juu kama lifti? Kidevu cha mtangazaji wa habari kiko juu ya skrini, nywele zake ziko chini, na mtoto mmoja anatumwa akaipige TV kofi. Hapo TV ilikuwa imepoteza ile ishara inayoiambia picha mpya inaanzia wapi. TV nyingi za zamani zilikuwa na kifundo cha kurekebisha hilo. Sisi tulitumia kofi.

Ndani ya ile chupa kulikuwa na mwale wa elektroni unaochora picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Ukifika chini unarudi juu kuanza picha nyingine, na ule muda mfupi wa kurudi hakuna kinachochorwa. Huo mwanya ndio chanzo cha hadithi yote. Ndio maana jina lina neno la wima ndani yake; kwa Kiswahili cha darasani ungesema usawazishaji wima. Atari 2600, iliyotoka mwaka 1977, haikuwa hata na memori ya kuweka picha nzima. Aliyeandika gemu ilibidi programu yake ikimbizane na mwale, mstari kwa mstari, na hesabu nyingi za gemu zingoje ule mwanya. Hao watu walikuwa wagumu, manze.

Monita za leo hazina chupa wala mwale, lakini tabia ilibaki. Monita ya 60 Hz inachora picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7, na bado inaanzia juu kwenda chini. Haijali kadi yako imefika wapi na kazi. Hii si matatu, ambayo konda atasubiri mpaka ijae. Hii ni treni ya SGR. Saa ikifika inaondoka, hata kama umebakisha hatua mbili.

Kadi yako nayo haina ratiba. Fremu moja inaimaliza kwa milisekunde 9, nyingine 14, kukitokea mlipuko inakula 22. Bila V-Sync, fremu ikikamilika inadandia treni ikiwa mwendoni. Monita ilikuwa imeshachora nusu ya juu kwa fremu ya zamani, sasa inamalizia nusu ya chini kwa fremu mpya. Ukigeuka haraka, nguzo ya stima inakatika katikati, juu iko hapa na chini iko pale. Huko ndiko kuchanika kwa picha. V-Sync inaiambia kadi: usidandie, ngoja treni isimame, panda mzima. Picha haichaniki tena, lakini umengoja.

Na kungoja ndiko kunakoleta kelele. Kadi ikiwa na nguvu kuliko monita, inamaliza fremu mapema na kuzipanga foleni, kwa hivyo unachokiona ni picha iliyoanza kutengenezwa kitambo. Foleni ikifika fremu tatu kwa 60 Hz, hizo ni milisekunde 50 kati ya mkono wako na jicho lako, kabla hujahesabu ucheleweshaji wa mausi na wa monita yenyewe. Mtu wa Counter-Strike anaisikia hiyo vizuri sana. Mausi inakuwa kama inaogelea ndani ya uji. Kwa hivyo wanaosema inachelewesha hawadanganyi, hilo niliweke wazi.

Sasa mtazame anayekushauri. Ni mchezaji wa mashindano, au mtu anayejirekodi akicheza kama wa mashindano. Mbele yake kuna monita ya 240 Hz. Kwake picha iliyochanika inakaa kwenye skrini milisekunde 4.2 tu kabla haijafutwa na nyingine. Kwako wewe wa 60 Hz inakaa mara nne ya hapo. Halafu kadi yake inatoa fremu nyingi kiasi kwamba zile mbili zilizoshonwa pamoja zinafanana karibu kabisa, hata mshono wenyewe huuoni. Kwake kuchanika kwa picha ni uvumi. Kwako ni panga linalopita katikati ya skrini kila ukigeuka.

Na wewe unayemtazama huwezi kujua. Hii ndiyo sehemu inayonikera, kwa sababu mimi hutengeneza video na naijua kwa mikono yangu. Programu za kurekodi kama OBS kwa kawaida zinachukua fremu nzima ndani ya kompyuta, kabla haijapelekwa kwa monita. Kuchanika kunatokea mwishoni, wakati monita inachora. Kwa hivyo msee anaweza kuwa na picha inayochanika vipande vitano mbele ya macho yake, na video yake ikawa laini kama mafuta ya nazi. Wewe unaiangalia kwa simu ukiwa kwa matatu, unasema "ona vile imetulia," unaenda nyumbani unazima V-Sync, halafu unashangaa kwa nini yako inakatika.

Hiyo hiyo tabia ndiyo iliyookoa simu ya dogo mmoja wa ploti yetu.

Dogo alikuwa na kompyuta ya ofisi iliyotoka Uingereza, zile zinazouzwa mjini zikiwa zimetumika, akaiwekea GTX 1050 Ti na monita ya inchi 19 ya 60 Hz. Mashine poa kabisa kwa bei yake. Alikuwa anacheza GTA V, na kila akiendesha gari kwa kasi kulikuwa na mstari unaokata skrini, unapanda na kushuka. Alikuwa ameshafuata kila ushauri wa mtandaoni, na kila kitu kilichoweza kuzimwa kilikuwa kimezimwa. Akaenda kwa duka moja mjini, jina naliacha, fundi akamsikiliza nusu dakika akamwambia kadi imekufa. Wangemchukulia hiyo mbovu, aongeze 14,000, wampe nyingine. Dogo akaanza kutafuta mtu wa kununua simu yake. Simu aliyonunuliwa na mathee, tena mathee hakuwa na habari.

Alinijia akitaka nimpostie hiyo simu. Nikamuuliza kwanza anataka hiyo pesa ya nini. Akanieleza. Nikamwambia twende kejani kwako, washa gemu, endesha mpaka huo mstari utokee, halafu piga skrinshoti.

Akapiga. Tukaifungua. Safi, hakuna mstari.

Hicho ndicho kipimo na ningependa ukikumbuke kuliko kitu kingine chochote hapa. Kadi ikiwa inakufa na kuchora takataka, mara nyingi takataka hizo zinaingia hata kwenye skrinshoti, kwa sababu ni kadi iliyozichora. Skrini ikiwa na kasoro, unaiona muda wote, hata ukiwa umefungua faili la hesabu. Mstari unaotokea tu picha ikisonga, na haumo kwenye skrinshoti, huo ni wa kuchanika. Tukaingia kwenye mipangilio, tukawasha V-Sync, tukarudi barabarani Los Santos. Mstari umeenda. Dogo aliendesha mizunguko miwili bila kusema kitu, halafu akauliza, "Kwani haikuwa imekufa?"

Haikuwa imekufa. Simu bado anayo. Elfu kumi na nne zingeenda kwa sababu ya kitufe kimoja na watu wanaorudia neno wasilolijua.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu mafundi wa aina hiyo, kwa hivyo nitaendelea na joto.

Ukizima V-Sync na usiweke kikomo chochote, kadi inafanya kazi mpaka mwisho wa uwezo wake hata pasipohitajika. Monita ya 60 Hz haiwezi kukuonyesha zaidi ya picha nzima 60 kwa sekunde. Kadi ikitengeneza 180, nyingi zinatupwa au unaona vipande vyake tu. Lakini stima ya kuzitengeneza umelipa, joto lake uko nalo chumbani, na feni ya laptopu yako inalia kama ndege inayopaa Wilson. Mahali pabaya zaidi ni kwenye menyu. Menyu haina kazi, kwa hivyo kadi inaweza kuzunguka mamia ya fremu kwa sekunde ikichora kitufe cha "anza" ambacho hakisogei.

Na hii si hadithi ya vijiweni. StarCraft II ilipotoka mwaka 2010, kulikuwa na malalamiko ya kadi kupata moto kupita kiasi kwenye menyu zake, na Blizzard ikabidi iwaonyeshe watu jinsi ya kuweka kikomo cha fremu. Julai 2021, wakati wa majaribio ya gemu ya New World, baadhi ya kadi za RTX 3090 zilikufa. RTX 3090, si kadi ya mtu maskini. EVGA ilisema baadaye kwamba kosa lilikuwa la kazi mbaya ya kuchomelea kwenye baadhi ya kadi zake, na naikubali hiyo, gemu haifai kuua kadi nzima. Lakini Amazon, wenye gemu, nao waliongeza kikomo cha fremu kwenye menyu. Sasa fikiria kadi yako wewe, iliyofanya kazi miaka mitano kwa mtu usiyemjua kabla haijafika hapa, yenye mafuta ya kupoza yaliyokauka kama ugali wa jana.

Stima nayo tuipigie hesabu ili nisionekane napiga domo. GTX 1050 Ti imekadiriwa wati 75. Ukicheza saa nne kwa siku ikiwa imekazwa mpaka mwisho, hiyo ni uniti 0.3 kwa siku, uniti 9 kwa mwezi, kadi peke yake. Tuseme V-Sync inaipunguzia kazi kwa nusu katika gemu nyepesi. Umeokoa uniti kama nne na nusu. Si pesa ya kununua gari. Lakini wewe unayeishi ploti moja na watu wanaogawana mita unajua uniti nne zinaweza kuleta maneno gani kwenye korido. Na mwenye kadi kubwa ya wati 170 au 200, zidisha mwenyewe.

Haki itendeke: kikomo cha fremu peke yake, bila V-Sync, kinaokoa stima na joto vile vile. Picha tu ndiyo itaendelea kuchanika.

Kuna kitu kingine cha kuchekesha. Wale wanaosema V-Sync haichezeki, wengi wao wamelelewa kwenye vibanda vya PlayStation. Mechi ya mbao, aliyeshindwa anatoka, foleni ya watu watano nyuma yako wanapiga kelele. PlayStation 4 haikuulizi kuhusu V-Sync. Gemu nyingi za pale zinasawazishwa na mtengenezaji, na wewe huna menyu ya kubishana nayo. Miaka yote hiyo umepiga chenga, umefunga penalti ya dakika ya 90, umemfukuza mtu kwa kiti, na hujawahi kumwambia mwenye kibanda "buda, hii inachelewesha." Sehemu moja ni padi. Ukishika mausi, mkono wako unajua haswa umesogea kiasi gani, na jicho linagundua picha ikibaki nyuma. Padi inasamehe. Kwa hivyo ukicheza gemu ya mpira kwa kompyuta na padi, kwa monita ya 60 Hz, washa tu, utaniambia.

Gemu za hadithi za kucheza peke yako, washa. Mbio za magari, washa, kwa sababu pale dunia nzima inakupita pembeni na kila mchaniko unaonekana. Skyrim ya mwaka 2011 hata haikupi nafasi ya ubishi. Hesabu zake za fizikia zimefungwa kwa kasi ya fremu, kwa hivyo ukizima V-Sync na kadi ikapita 60 sana, vitu vinaanza kuruka mezani vyenyewe, na lile gari la farasi la mwanzoni linaweza kugeuka wazimu likianza kurukaruka na kubingirika. Watu wameripoti hiyo kama gemu iliyoharibika. Gemu iko sawa, ni vile mtu alizima bila kuuliza.

Sasa upande wa pili, maana nimeahidi.

Counter-Strike 2, Valorant, gemu yoyote ambayo kazi yako ni kuweka msalaba juu ya kichwa cha mtu kabla hajauweka juu ya chako: zima. Hata kwa 60 Hz. Ndiyo, picha itachanika, lakini kuchanika nako kuna faida yake hapo. Kile kipande cha chini cha picha ni habari mpya zaidi kuliko ungeipata ukingoja. Mchezaji wa mashindano anakubali ubaya wa picha ili apate hiyo habari mapema, na kwa kazi yake yuko sahihi.

Kuna wanaonipinga hapa kwa sababu ya pingi. Wanasema, sisi tuko Nairobi, seva za Counter-Strike zilizo karibu ziko Johannesburg na Dubai, pingi yetu ni ya kuhuzunisha, milisekunde 30 za V-Sync zitabadilisha nini? Hoja inasikika vizuri lakini imekosea jinsi gemu zinavyofanya kazi. Ukisogeza mausi, kompyuta yako inakugeuza hapo hapo, haingoji Johannesburg ikubali. Pingi inaamua kama risasi yako imehesabiwa na adui umemwona lini. V-Sync inagusa mkono wako mwenyewe, kila sekunde, hata ukiwa unafanya mazoezi peke yako bila intaneti. Halafu ucheleweshaji unajumlishwa. Mtu ambaye tayari ana deni la milisekunde 120 ndiye wa mwisho anayefaa kukopa nyingine.

Pahali pengine pa kuzima ni pale mashine yako haifikii. Hii inatuhusu sana na ndiyo inayosahaulika. Rudi kwa treni. Kadi yako ikihitaji milisekunde 18 kwa fremu, hiyo ni kama fremu 55 kwa sekunde, si mbaya. Lakini treni zinatoka kila 16.7. Umechelewa kwa milisekunde moja na kitu, unangoja inayofuata. Kwa V-Sync ya kawaida yenye bafa mbili, kila fremu inakosa treni moja, na ghafla 55 yako imekuwa 30. Kadi haijachoka, ni ratiba tu imekukata. Ikiwa inapanda na kushuka, mara 60 mara 30, utahisi gemu inakwama kwama kama gari lenye klachi mbovu. Gemu nyingine zina bafa ya tatu inayopunguza huo mshtuko, ukiiona kwenye menyu iwashe pamoja na V-Sync. Kwa kadi za NVIDIA kuna pia V-Sync ya kujirekebisha, ipo tangu 2012. Inasawazisha ukiwa unafikia kasi ya monita, ukishuka chini yake inaachia. Iko kwenye paneli ya NVIDIA, wala haiko kwenye gemu, ndio maana wengi hawajawahi kuiona.

Lakini kabla ya kuzima kwa sababu hiyo, shusha vivuli. Kweli. Vivuli, majani ya mbali, na maji yanayoakisi ndivyo vinakula kadi ndogo, na hakuna anayekumbuka vivuli vya gemu baada ya wiki. Ukipata 60 inayokaa, washa V-Sync na utakuwa na picha iliyotulia kuliko ya jirani mwenye 75 inayochanika. Ukishindwa kabisa, funga kwa 30. Najua 30 ni neno la matusi kwenye mtandao. Lakini 30 iliyo sawasawa, kila fremu ikikaa muda ule ule, kwa gemu ya hadithi inatazamika kuliko 40 isiyojua inaenda wapi. Kwa gemu ya kulenga watu, hapana, hapo 40 yenye fujo ni afadhali.

Mimi mwenyewe nafanya nini? Gemu za hadithi na za magari, V-Sync imewashwa. Counter-Strike, imezimwa, nimeweka kikomo cha fremu kadi isichome nyumba, basi. Siku nikirekodi, kikomo kinabaki hata zaidi, kwa sababu kadi hiyo hiyo ndiyo inayosukuma OBS, na ukiiacha gemu iimalize yote, video ndiyo inayoanza kuruka.

Halafu kuna wale wanaojigamba kwamba wamezima V-Sync na picha zao hazichaniki, eti ni "draiva safi." Angalia kama hawachezi kwenye dirisha lisilo na mpaka. Mara nyingi ndivyo. Ukicheza hivyo, Windows yenyewe inakusanya madirisha yote na kuyatuma kwa monita kwa mpangilio, kwa hivyo gemu inasawazishwa na mfumo hata kama kwenye menyu umeandika "zima." Wamekuwa wakitumia cha kufanana nacho miaka yote huku wakikitukana.

Ubishi huu wote una mwisho wake, na mwisho ni monita inayongoja kadi badala ya kadi kungoja monita. NVIDIA ilileta G-Sync mwaka 2013, monita za FreeSync za AMD zikaanza kuingia sokoni 2015, na Januari 2019 NVIDIA ikakubali kadi zake zitumie hizo monita za FreeSync pia. Treni inaondoka ukifika. Fremu ikichukua milisekunde 18, monita inangoja 18. Hakuna kuchanika na foleni karibu haipo, ilimradi uko ndani ya kasi ambayo monita inaweza.

Zamani hiyo ilikuwa ni ya matajiri. Sasa monita za 75 Hz na hata 144 Hz zenye FreeSync zimeanza kuonekana kwa mitumba ya mjini, zimewekwa kati ya zile za ofisi, na muuzaji mara nyingi hajui tofauti, anauza kwa inchi kama anauza kitambaa. Kwa hivyo ukienda, usiulize inchi. Mwambie aiwashe, fungua menyu ya monita yenyewe kwa vile vitufe vya chini, utafute neno FreeSync au Adaptive-Sync. Geuza nyuma uangalie matundu. Kadi yako ikiwa NVIDIA ya kizazi cha GTX 10, kama ile ya dogo, itahitaji tundu la DisplayPort, kwa HDMI haitakubali. Na uombe waya wake hapo hapo kabla hujalipa, maana ukishatoa pesa waya unakuwa bei nyingine.